Gari Dogo Lililovaa Mchuchumio

Mmenitaka niandike, nyinyi mabinti mnaofundisha udereva huku London, ati niwaachie mawili matatu kabla sijayasahau. Haya. Lakini nawaonya mapema: wengi wenu sasa mnafundishia vile vigari vya juu, vinavyojitia vya porini na buti zake hazimezi hata sanduku la mtu anayekwenda hija. Mkisoma mtakasirika. Kasirikeni tu. Nishastaafu, hamna pa kunishitaki.

Nilianza miaka ya tisini, Kilburn. Wanawake wetu wa Kizanzibari walikuwa wakitaka leseni, lakini kukaa saa nzima na mwanamume wa kando, milango imefungwa na bega linakaribia bega, waume zao hawakutaka na wao wenyewe hawakutaka. Mwalimu mwanamke anayejua Kiswahili hakuwapo. Mimi nilikuwa naendesha tangu Unguja, gari la marehemu baba yangu ambalo halikuwaka mpaka lisukumwe na majirani. Shoga yangu mmoja akaniambia, "Rukia, weye una sauti ya kukemea na humwogopi mtu. Unangoja nini?" Nikaenda kusomea.

Vyeti nilipewa na wengine, lakini kazi yenyewe nilipewa na Maureen, bibi wa Kiairishi aliyekuwa akifundisha mitaa ya Kilburn kabla mimi sijajua kuwa duniani kuna Kilburn. Mfupi, mkavu, mfuko wa koti umejaa peremende. Siku ya kwanza alinikalisha kiti cha nyuma na kunikataza kufungua mdomo. Mwanafunzi alikuwa kijana mwoga, na kila alipokosea nilijikuta nakanyaga kwa nguvu breki ambayo haiko. Tulipomaliza Maureen akageuka. "Umekanyaga mara ngapi?" Nikamwambia nimechoka kuhesabu. "Basi utafaa," akasema. "Sasa jifunze kutokanyaga."

Aliyonifundisha ni mambo madogo, na ndiyo yaliyoniweka hai. Vaa viatu vya soli nyembamba. Bandika kioo chako cha pili, usitegemee cha mwanafunzi. Mguu ukae karibu na breki yako ya mwalimu, usikae juu yake, maana mwanafunzi anausikia na anaacha kufikiri. Na usipige kelele: ukimpigia mtu kelele, ataacha barabara akutazame wewe. Mtoto wa Ng'ambo ya Unguja kuambiwa asipige kelele! Nilijifunza, lakini iliniuma.

Ila makosa ya watu wetu Maureen hakuyajua, hayo niliyagundua peke yangu. Mwanafunzi wangu wa kwanza alitia gia, akaachia hendibreki, akasema bismillahi, na akafumba macho ili aiseme vizuri. Mwingine alisimama katikati ya Kilburn High Road kwa sababu amemwona mama mkwe wake kituoni, akateremsha kioo: "Shikamoo mama, hamjambo nyumbani?" Nyuma yetu basi la ghorofa linapiga honi, na mama mkwe naye, bila haraka, anaanza kueleza habari za goti lake. Nikaweka sheria: bismillahi macho wazi, na salamu kwa kichwa tu. Iandikeni hiyo. Hamtaikuta kwenye kitabu chochote cha serikali.

Gari langu siku zote lilikuwa kigari cha chini cha milango mitano. Kinaingia popote, kinageuka popote, na mwanafunzi anaona ncha zake zote. Ndicho nilichofundishia mpaka nilipostaafu, na hakuna aliyekipiga picha.

Kisha yakaanza kuingia magari ya juu madogo. Wenzangu, mimi nimeinama nikayachungulia chini, na nawaambieni lililomo: ni kigari kile kile cha kawaida kilichovaa viatu vya mchuchumio. Kimeinuliwa kidogo, kimebandikwa plastiki nyeusi mbavuni, kimewekewa reli juu ya paa ambazo hazitafungiwa kitu mpaka siku ya kiama. Mengine yanavuta kwa magurudumu ya mbele tu, ya nyuma yanaburutwa. Mengine stepni, lile gurudumu la akiba, imening'inizwa kwenye mlango wa buti, na mlango wenyewe unafunguka kwa ubavu, kwa hiyo gari jingine likikubana nyuma, viazi vyako utavitoa kupitia viti vya abiria.

Nani aliwatia wazimu watu wetu? Edgware Road. Joto likianza wanakuja wageni wa Ghuba na Oman, na magari yao makubwa meusi yanajipanga mbele ya mikahawa. Watu wetu wanakunywa chai na kutazama. Lile kubwa hawaliwezi, basi wananunua mtoto wake.

Na ukimuuliza mtu, hakosi sababu. "Kwa juu naona mbali." Unaona mbali wapi, bwana wee, na mbele yako kuna basi la ghorofa? "Matuta ya barabarani." Matuta yamewekwa ili uende polepole, hata gari la punda linayapita. "Theluji." Theluji ya London huanguka asubuhi, adhuhuri ni maji machafu, na siku hiyo hakuna anayetoka, hata mwenye gari la theluji. Kweli, mbali unaona. Karibu huoni! Ukuta mfupi, baiskeli ya mtoto, nguzo ya kaunsili, vyote viko chini ya kioo chako cha nyuma. Wangapi wamenijia na bampa limepasuka, wakiapa kwa Mungu kwamba jana ukuta ule haukuwapo.

Kulikuwa na harusi ya watu wetu Edmonton, bwana mmoja akajitolea kubeba biriani kwa gari lake jipya la juu. Kaliosha, linang'aa, kavaa na kanzu. Sufuria haikuingia. Wakakunja viti, haikuingia. Wakailaza kidogo, mchuzi ukaanza kutoka chini ya kifuniko, bwana akapiga ukelele kuliko bibi harusi. Mwishowe ikapakiwa kwenye gari kuukuu la fundi bomba wa Kikongo, refu, limekaa chini kabisa, na humo ikaingia pamoja na sufuria ya pilau, masinia na mpishi mwenyewe. Yule bwana alifuata nyuma na gari lake tupu, anaona mbali.

Wanawake wetu wafupi nao, masikini! Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Nimewateremsha mabibi wa watu kwa kuwashika kiuno, buibui limenasa mlangoni, huku mume amesimama kando anasifu nafasi ya miguu.

Sasa nije kwenye kisa nilichokikusudia. Mwanafunzi aliyenipa tabu kuliko wote hakuwa na kosa kubwa la udereva. Tabu yake ilikuwa imeegeshwa nje ya nyumba.

Bi Mwanaisha alikuwa Mpemba, mkazi wa Kilburn, mtu mzima mwenye binti mkubwa. Kazi yake ilikuwa kuwatunza wazee majumbani mwao, na mzee wake wa miaka yote alikuwa bibi wa Kiingereza aitwaye Doris, huko Edmonton, aliyepooza upande mmoja. Asubuhi humwosha na kumvisha, jioni humlisha na kumlaza. Kutoka Kilburn ni treni na mabasi, anaondoka na giza na kurudi na giza. Ejensi iliyomwajiri ikatangaza kwamba baridi ikiisha, asiyekuwa na gari hatapewa nyumba za kuzungukia. Maana yake awe na leseni na gari, au kazi imemtoka na Doris anapewa mgeni.

"Yule bibi hali kwa mkono wa mtu mwingine," aliniambia siku ya kwanza. "Mwalimu, mie lazima nifaulu."

Leseni ilikuwa juu yangu. Gari lilikuwapo, wallahi, na hilo ndilo lililonichoma! Mumewe, Bwana Seif, karani mstaafu, alikuwa na gari la juu nje ya mlango, limefunikwa turubai. Alilinunua kwa ajili ya kurudi nyumbani. Mnawajua watu wetu: walitoka kwao vijana, na kila mwaka wanarudi mwakani. Mmoja atanunua friji likae ndani ya boksi lake, mwingine seti ya vikombe asiyoruhusu mtu kunywea. Bwana Seif alinunua gari la barabara za Pemba akaliegesha Kilburn. Mwenyewe hakuwa akiendesha tena kwa sababu ya macho, hata namba ya gari la mbele yake alikuwa haisomi. Lakini kila Jumamosi analifunua, analiosha, analiwasha, anaisikiliza injini, analizima, analifunika.

Na Bi Mwanaisha kila alfajiri anapita kando ya turubai lile akikimbilia basi, mwavuli umepinduka kwa upepo. Yeye hakulalamika. Aliyekuwa akipandwa na hasira ni mimi.

Siku moja nilimkuta Bwana Seif analiosha. Nikainama, nikachungulia.

"Bwana Seif," nikamwambia, "gari hili linavuta mbele tu. Tope la Micheweni huko Pemba halitalivuka, litaliamkia shikamoo."

Akakamua kitambaa chake taratibu. "Mwalimu, weye umekuja kumfundisha mke wangu, au kuchungulia chini ya magari ya watu?"

Alinipata.

Basi tukafundishana kwa kigari changu. Mkono wake mwepesi, jicho lake zuri, lakini adabu ilimzidi. Alikuwa anampisha kila mtu. Tukifika kwenye kipilefti anasimama, anangoja London nzima ipite. "Tangulia mwanangu," anawaambia madereva wa malori, kwa Kiswahili, na vioo vimefungwa. Mtihani wa kwanza alianguka kwa ajili hiyo hiyo: mtahini aliandika kwamba anasitasita. Alilia ndani ya gari mpaka vioo vikafanya ukungu.

Nikafikiri sana. Tulipofika tena kwenye kipilefti, akasimama kama kawaida yake, nikamwambia, "Bi Mwanaisha, Doris ana njaa." Alhamdulillahi! Aliingia bila kumtazama mtu usoni. Tangu siku hiyo, kila aliposita nilitaja jina hilo tu, na mguu ukashuka kwenye mafuta. Nanyi kila mwanafunzi mtafutieni Doris wake, yuko, mkimuuliza vizuri atawaambia.

Mtihani wa pili akapita. Tulipiga vigelegele pale kwenye uwanja wa mtihani mpaka mtahini akarudi kutazama kuna nini.

Nilipomfikisha nyumbani akaniomba niingie naye ndani kumwambia mumewe, nikajua kwa nini. Bwana Seif alikuwa sebuleni. Binti yao Asha akatuletea chai. Bi Mwanaisha akaweka ile karatasi ya kufaulu mezani.

"Baba Asha, nimepata."

Akaisogeza karatasi mpaka puani, akaisoma yote. "Hongera, Mama Asha. Hongera sana, wallahi." Na alifurahi kweli, alikuwa anatabasamu.

"Sasa nipe ufunguo."

"Ufunguo wa nini?"

"Wa gari."

Tabasamu likaondoka. "Lile la nyumbani lile."

"Nyumbani wapi?"

"Mwanaisha, usinichezee. Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani."

"Ngama gani, Baba Asha? Nyumba yenu ya Wete anakaa mtoto wa kaka yako na wake wawili. Utalala wapi, ndani ya gari?"

Asha, aliyezaliwa hapa hapa, akadakia kwa Kiingereza kwamba yeye hajawahi hata kuliona gari lile likitembea. Baba yake akamwambia anyamaze. Mimi nilikuwa natazama kikombe changu, natamani ningekuwa nje.

"Mie sirudi," Bi Mwanaisha akasema, bila kupandisha sauti. "Ntakwenda kutembea, ntazuru makaburi ya wazee wangu, kisha ntapanda ndege nije kwangu. Mwanangu yuko hapa. Kazi yangu iko hapa. Mie nishafika, Seif. Na kazi ikinitoka kwa ajili ya gari la kuoshwa, sitakusamehe."

Sikuwahi kumsikia akimwita mumewe kwa jina. Bwana Seif naye nadhani alikuwa hajalisikia kwa miaka. Mimi niliyelicheka gari lile tangu siku ya kwanza, kicheko kilinikauka. Nilimwonea huruma na nilimwonea hasira, vyote pamoja, na sijui kipi kilikuwa kikubwa.

Bwana Seif akainuka, akaenda chumbani, akarudi na ufunguo. Hakumpa. Akautia mfukoni mwa koti. "Kesho ntakwenda na nyinyi," akasema. "Nataka nione anavyolishika. Na mwalimu aje."

Kesho yake ilikuwa Jumapili, na Bi Mwanaisha alikuwa na zamu ya jioni kwa Doris. Tukavua turubai. Alipokaa, boneti likamziba njia, ikabidi nimpe mto wangu wa wanafunzi wafupi. Gari limeinuliwa ili uone mbali, na bado unataka mto! Mimi nilikaa mbele pembeni yake, bila breki yangu, mguu unaitafuta pale sakafuni. Bwana Seif alikaa nyuma, ameshikilia mpini wa juu ya mlango kwa mikono miwili.

"Polepole kwenye tuta, Mama Asha."

"Limeinuliwa kwa ajili ya nini, basi?"

Tuta la pili akakaza mikono kwenye mpini. Tukaingia barabara ya North Circular, malori kushoto, malori kulia, na gari linayumba kila kona, linakunywa mafuta bila haya. Sitabadili neno langu hata moja juu ya gari lile. Lakini dereva alikuwa wangu, na alilipeleka vizuri, hakumpisha asiyestahili kupishwa. Bwana Seif kila baada ya muda anauliza, "Bado?" Tunamjibu, "Bado." Akauliza tena, "Ndiyo hapa?" Tukamwambia bado.

Edmonton tukaegesha mbele ya nyumba ya Doris, moja katika safu ya nyumba zilizoshikana ukuta kwa ukuta, dirisha liko hapo hapo karibu na njia. Bi Mwanaisha akachukua mkoba wake akaingia. Mimi na Bwana Seif tukabaki garini. Pazia lilikuwa limefunguliwa.

"Mwalimu," akaniambia, "mie sioni vizuri. Anafanya nini?"

Nikamweleza. "Yule bibi yuko kwenye kiti, kichwa kimelala upande. Mkeo ameingia. Bibi amenyanyua mkono wake mzima."

"Halafu?"

"Anamweka sawa. Anampangusa mdomo. Sasa kaleta sahani, anamlisha."

"Anakula?"

"Anakula. Sasa mkeo amesema neno, bibi anacheka."

"Anacheka," akarudia, kama mtu anayetaka kuhakikisha. "Na huku anakuja kila siku?"

"Kila siku, asubuhi na jioni. Hata sikukuu ya Idi."

"Kwa mabasi."

"Treni, kisha mabasi. Na akikosa moja, anangoja pale, kwenye nguzo ile, hakuna hata kibanda."

Aligeuza uso kuitafuta nguzo. Sidhani kama aliiona.

"Mie nilidhani Edmonton ni karibu," akasema.

Sauti ilimkatika katikati ya neno. Nikatazama upande wa pili, maana mwanamume wa umri ule hapendi kuonekana, na mimi mwenyewe macho yalikuwa yameanza kuniwasha.

Bi Mwanaisha akatoka, akakaa juu ya mto wake, akawasha gari. Tukarudi njia ile ile, malori yale yale, na safari hii hakuna aliyesema polepole. Kilburn akaliingiza gari nafasi yake mara moja, sawasawa na ukingo, ningekuwa mtahini ningempa alama zote. Akazima. Akachomoa ufunguo, akamnyoshea mumewe kule nyuma, bila kugeuka.

Bwana Seif hakuupokea.

"Kesho unatoka saa ngapi?" akamuuliza.

"Saa kumi na moja."

"Vioo huganda barafu saa hizo," akasema. "Niamshe. Ntakukwangulia."